Kurudi Chuoni Marekani Ukiwa Mtu Mzima: Nafuu za Kodi ya Elimu na Namna ya Kuzidai

Kila Januari vyuo vya Marekani hutoa karatasi moja yenye visanduku vichache, fomu 1098-T. Kwa mtu aliyerudi shule huku ana kazi, watoto na pango la nyumba, karatasi hiyo inaweza kumfungulia hadi dola 2,500, na dola 1,000 kati ya hizo hulipwa hata kwa asiyedaiwa kodi yoyote. Wengi huitupia jicho mara moja tu. Wanaona kisanduku cha 5, chenye ufadhili, kina namba kubwa kuliko kisanduku cha 1, chenye ada iliyolipwa, wanahitimisha kwamba hawana cha kudai, wanaiweka kando. Mara nyingi wamekosea. Fomu 1098-T ni mwanzo wa hesabu. Hesabu yenyewe unaifanya wewe kwa risiti zako, na ndani yake kuna maamuzi ambayo chuo hakiwezi kukufanyia.

Jambo hili linawagusa moja kwa moja Waswahili wengi walioko huko: Wakongomani walioingia kama wakimbizi na sasa wako vyuo vya jamii, Wakenya na Watanzania wanaotoka kazi ya CNA (msaidizi wa uuguzi) kwenda LPN (muuguzi wa ngazi ya kati) au RN (muuguzi aliyesajiliwa), na waliokatiza shahada miaka kumi iliyopita wakaamua kuimalizia. Sheria haina umri wa mwisho. Mwenye miaka 19 na mwenye miaka 52 wanasomewa karibu kanuni zilezile, ila aliyerudi ana mitego yake.

Nafuu mbili, chagua moja

Tuanze na neno lenyewe. Nafuu ya kodi hupunguza kodi unayodaiwa, si kipato kinachotozwa kodi. Nafuu ya dola 500 ni dola 500 pungufu kwenye deni lako la IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Usiichanganye na punguzo la riba ya mkopo wa elimu, ambalo linashusha kipato tu na linahusu riba uliyolipa kwenye mikopo ya zamani. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na ukiwa na sifa unaweza kupata yote mawili.

Nafuu ya kwanza ni American Opportunity, inayoandikwa AOTC kwenye fomu. Inakupa asilimia 100 ya dola 2,000 za kwanza ulizotumia kwa masomo, kisha asilimia 25 ya dola 2,000 zinazofuata. Ukitumia 4,000 unafika kileleni, dola 2,500. Asilimia 40 ya kiasi utakachopata, yaani hadi dola 1,000, hurudi mkononi hata kama kodi yako ni sifuri. Masharti yake ni makali kiasi: uwe unasomea shahada, diploma au cheti kinachotambulika, uwe umejiandikisha angalau nusu ya mzigo kamili wa masomo kwa muhula mmoja au zaidi ulioanza mwaka huo, uwe hujamaliza miaka minne ya kwanza ya elimu ya juu kabla mwaka wa kodi haujaanza, nafuu hii isiwe imeshadaiwa kwa jina lako kwa miaka minne, na usiwe na hukumu ya kosa kubwa la jinai la dawa za kulevya.

Ya pili ni Lifetime Learning, au LLC. Hii hutoa asilimia 20 ya gharama hadi dola 10,000, kwa hiyo mwisho wake ni dola 2,000 kwa ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) nzima, hata kama baba, mama na mtoto wote wanasoma. Hairudishi senti: inafuta kodi unayodaiwa, ikifika sifuri inaishia hapo. Lakini ni pana. Haina ukomo wa miaka, haijali nusu ya mzigo, inapokea shahada ya uzamili, na inapokea hata somo moja unalolichukua ili kupata au kuboresha ujuzi wa kazi.

Tofauti inaonekana vizuri kwenye namba. Chukua mtu aliyetumia dola 3,200 kwa ada na vitabu, na kodi anayodaiwa ni dola 300 tu. Kwa LLC, hata tukidhani gharama zote zimekubalika, asilimia 20 ni 640, lakini kodi ni 300, basi anapata 300. Kwa AOTC ni 2,000 jumlisha 300 (asilimia 25 ya 1,200), yaani 2,300. Kati ya hizo, 920 zinarudi mkononi na 1,380 ni za kufuta kodi. Anafuta zile 300 na kupokea 920, jumla 1,220. Mwenye kipato kidogo na sifa za AOTC asiguse LLC isipokuwa ana sababu, na sababu moja nzuri tutaiona mbele.

Kwa mwanafunzi mmoja ndani ya mwaka mmoja huwezi kudai zote mbili. Ila AOTC huhesabiwa kwa kila mwanafunzi. Mume na mke wote wakisoma wanaweza kufika dola 5,000 kwenye ritani moja, au mmoja adaiwe AOTC na mwingine LLC.

Kipato nacho kina mpaka, sawa kwa nafuu zote mbili. Asiye na mwenza huanza kupunguziwa akivuka dola 80,000 na hukosa kabisa akifika 90,000. Wanandoa wanaojaza pamoja, ni 160,000 na 180,000. Aliye katikati hupata sehemu: mtu peke yake mwenye kipato cha 86,000 amebakiza 4,000 kufika 90,000, hivyo anapata asilimia 40 ya nafuu yake, 2,500 inakuwa 1,000. Mwuguzi anayepiga ovataimu mwaka mzima aangalie namba hii kabla ya Desemba.

Nani anazuiwa mlangoni

Kabla ya kupiga hesabu yoyote, hakikisha huzuiwi na mojawapo ya haya.

Ukiwa umeandikwa kama mtegemezi kwenye ritani ya mtu mwingine, yeye ndiye mwenye haki ya kudai, hata kama ada umelipa wewe. Kijana wa miaka 22 anayeishi kwa wazazi wake wakae chini waelewane mapema, maana wakidai wote wawili ritani ya pili itakataliwa au kucheleweshwa.

Wanandoa wanaojaza ritani tofauti hawapati nafuu yoyote kati ya hizi. Kanuni hii inawaumiza sana wale ambao mwenza bado yuko Bukavu, Mombasa au kambini akisubiri viza. Kuna njia mbili. Unaweza kuchagua mwenza aliye nje achukuliwe kama mkazi kwa ajili ya kodi na mjaze pamoja. Hapo kipato chake cha huko nacho kinaingia kwenye ritani, naye anahitaji namba ya utambulisho wa kodi. Njia ya pili ni hadhi ya mkuu wa kaya, kama mmeishi mbalimbali miezi sita yote ya mwisho wa mwaka, mtoto wako ameishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka, na wewe ndiye uliyelipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba.

Halafu kuna suala la ukazi kwa kodi, ambao mara nyingi hupimwa kwa kuhesabu siku ulizokaa Marekani. Aliyekuwa si mkazi kwa kodi sehemu yoyote ya mwaka hapati, isipokuwa ameolewa au ameoa na wamechagua kujaza pamoja kama wakazi. Wenye viza ya F-1, ya wanafunzi, kwa kawaida hawahesabiwi siku zao kwa miaka mitano ya kalenda. Aliyefika Agosti 2021 ametumia 2021 hadi 2025, na siku zake zinaanza kuhesabiwa 2026. Katika miaka hiyo mitano fomu yake ni 1040-NR, ya wasio wakazi, na nafuu hizi hazimo. Kosa tunaloliona kila msimu ni mwanafunzi wa F-1 kutumia programu ya kawaida ya kodi, inamjazia fomu 1040 ya wakazi, anapokea dola 1,000, na baadaye anatakiwa kuzirudisha pamoja na riba. Hata mkimbizi aliyeingia Oktoba mara nyingi si mkazi kwa kodi mwaka huo wa kwanza. Mwaka unaofuata mlango uko wazi.

Kuanzia mwaka wa kodi 2026, sheria iliyotiwa saini Julai 2025 inataka namba ya Social Security ya anayedai na ya mwanafunzi, kwa nafuu zote mbili. Kwa miaka ya kabla ya hapo ITIN, namba ya kodi ya wasio na Social Security, ilikubalika, mradi ilitolewa kabla ya tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ritani.

La mwisho ni chuo chenyewe. Lazima kiwe na sifa ya kushiriki mpango wa misaada ya wanafunzi wa Wizara ya Elimu ya Marekani. Njia rahisi ya kujua ni kutafuta namba yake ya shule kwenye FAFSA, fomu ya kuomba misaada hiyo. Ikiwa haimo, simama hapo. Shule nyingi ndogo za wiki chache zinazofundisha CNA hazimo. Vilevile ukisoma kwa intaneti kwenye chuo cha Afrika Mashariki ambacho hakimo kwenye mpango huo, ada yake haihesabiki hata ukiwa unaishi Dallas.

Shahada ya nyumbani na ile miaka minne

Hapa ndipo watu waliosoma Dar, Nairobi au Kampala kabla ya kuhama hukwama. Anakuja na shahada ya miaka mitatu au minne, anaanza uuguzi chuo cha jamii, na anaambiwa na jirani kwamba AOTC si yake kwa sababu ameshasoma.

Kinachoangaliwa ni chuo ulichojiandikisha sasa kimekutambulia masomo kiasi gani. Kama chuo kimekupa krediti za miaka minne kwa masomo ya zamani, umehesabiwa umemaliza miaka minne, na kilichobaki ni LLC. Kama kimekuhamishia krediti 18 za masomo ya jumla na kukuandikisha mwaka wa kwanza wa uuguzi, kimekuhesabu hujamaliza. Krediti ulizopewa kwa kufaulu mtihani wa umahiri peke yake, bila kusoma darasani, hazihesabiki kwenye ile miaka minne.

Usijibu swali hili kwa kumbukumbu. Nenda ofisi ya msajili, omba tathmini ya krediti zilizohamishwa kwa maandishi na barua inayoonyesha wewe ni wa mwaka wa ngapi mwanzoni mwa mwaka wa kodi. Weka nakala. IRS ikiuliza miezi kumi baadaye, karatasi hiyo ndiyo itakayokujibia.

Kwa waliokatiza masomo hapahapa Marekani, swali ni jingine: nafuu hii ilishadaiwa mara ngapi kwa jina lako? Miaka ambayo wazazi wako walikudai nayo inahesabika. Aliyesoma 2012 hadi 2015 akaacha, na baba yake akadai AOTC miaka yote minne, hana tena AOTC hata kama hajapata shahada. Ofisi ya IRS kwa kawaida inatoa nakala za ritani za miaka michache tu ya nyuma, kwa hiyo za zamani zaidi zitafute kwa wazazi: fomu 8863, inayotumika kudai nafuu hizi, ndiyo ushahidi.

Miaka minne ni akiba, itumie kwa akili

Kodi huenda kwa mwaka wa kalenda, masomo huanza Agosti. Shahada ya miaka minne iliyoanza Agosti 2022 na kuisha Mei 2026 inagusa miaka mitano ya kodi. AOTC ni minne tu. Anayesoma krediti 6 kwa muhula akifanya kazi za usiku atagusa mingi zaidi: krediti 60 kwa mwendo huo ni miaka mitano ya masomo, na hapo hajaanza safari ya kutoka RN kwenda BSN, shahada ya uuguzi.

Kwa hiyo usidai AOTC bila kufikiri kwa sababu tu programu imeipendekeza. Tuseme muhula wako wa kwanza, vuli, ulikugharimu dola 900 baada ya ruzuku. AOTC itakupa 900, LLC itakupa 180. Inavutia kuchukua 900. Lakini kama unajua una miaka minne mbele yako yenye gharama za 4,000 kila mmoja, kila mwaka wa AOTC una thamani ya 2,500, na umeutumia mmoja kwa 900. Hiyo ndiyo sababu nzuri ya kuchukua LLC, au kuacha kabisa mwaka huo. Na kinyume chake ni kweli: kama kozi yako yote ni ya miaka miwili na huna mpango wa kuendelea, kuweka akiba hakuna maana. Chukua.

Sheria inakuachia nafasi ya kubadili mawazo. Mwaka uliouruka unaweza kuudai baadaye kwa ritani ya marekebisho, ndani ya muda tutakaoutaja mwishoni.

Gharama gani zinahesabika

Ada na malipo ya lazima ya kujiandikisha, ndiyo, kwa zote mbili. Vitabu, vifaa na zana zinazohitajika kwenye somo, AOTC inavipokea popote ulipovinunua: stetoskopu iliyotajwa kwenye mahitaji ya kozi, kitabu cha mkono wa pili cha anatomia, msimbo wa kuingilia mazoezi ya mtandaoni. LLC ni bahili zaidi. Inavipokea pale tu chuo kinapotaka uvilipie kwao kama sharti la kujiandikisha. Kompyuta inaingia kwenye AOTC ikiwa unaihitaji ili usome chuoni hapo, si kwa sababu tu ingekufaa.

Malazi, chakula, bima, ada ya kliniki ya wanafunzi, nauli na maegesho havihesabiki kamwe, hata vikiwa kwenye bili moja na ada.

Ada iliyolipwa kwa mkopo inahesabika kikamilifu, na inahesabika mwaka chuo kilipopokea malipo, si miaka utakayokuwa ukilipa deni. Hili halijulikani vya kutosha. Mtu anasema, "Mimi sijatoa hata senti, ni mkopo tu," kumbe mkopo ni pesa yake. Vivyo hivyo ndugu akikulipia chuoni moja kwa moja, inahesabiwa umelipa wewe. Kilicholipwa na mwajiri bila kukatwa kodi, ambacho hospitali na nyumba za wazee hutoa hadi dola 5,250 kwa mwaka, hakihesabiki mara ya pili. Wala kilicholipwa kwa pesa za akaunti ya 529, yaani akiba ya elimu, zilizotoka bila kodi.

Tarehe ya malipo ina uzito. Bili ya muhula unaoanza Januari hadi Machi ukiilipa Desemba, ni ya mwaka huo unaoisha. Ukiilipa Januari, ni ya mwaka mpya. Aliyerudi chuoni vuli na gharama zake ni 1,800 anaweza kulipa muhula wa masika wa dola 2,000 kabla ya tarehe 31 Desemba na kufikisha 3,800. Atazame pia mwaka unaofuata utabaki na nini: kama utabaki na muhula mmoja tu wa vuli, amehamisha tu pesa kutoka mfuko huu kwenda ule. Na malipo ya mkopo hayafuati matakwa yako, chuo huyapokea kwa ratiba yake, mara nyingi Januari. Chungulia taarifa ya akaunti yako ya mwanafunzi uone tarehe halisi.

Pell Grant: hesabu inayofaa kufanywa polepole

Sasa turudi kwenye kile kisanduku cha 5 kilichokatisha watu tamaa. Mfano: ada ni dola 4,000, vitabu 600, na Pell, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, ni 5,200. Kwa macho ya haraka, ruzuku imemeza gharama zote 4,600 na kubakiza 600, ambazo tayari ni kipato cha kutozwa kodi. Nafuu ni sifuri.

Lakini Pell haikufungwa kulipia ada peke yake. Inaruhusiwa pia kwa pango, chakula na nauli. Sheria ya kodi inakuruhusu wewe uamue, kwenye ritani, sehemu gani ya Pell ilikwenda kwenye gharama za maisha, hata kama chuo kiliielekeza yote kwenye ada. Sehemu utakayoiita ya maisha inakuwa kipato chenye kodi, na ada iliyoachwa wazi inahesabika kwa AOTC. Lazima gharama zako halisi za maisha zifikie kiasi hicho. Kwa mtu mzima anayelipa pango hilo si tatizo.

Kwenye mfano wetu, aite dola 4,600 za maisha na 600 za masomo. Gharama zinazobaki kwa AOTC ni 4,000, nafuu ni 2,500. Kipato chake kimeongezeka kwa 4,000 kuliko awali, maana zile 600 zilikuwa zimeshahesabiwa. Akiwa daraja la asilimia 12, kodi inapanda 480. Bado amefaidika sana, ikiwa kodi yake inatosha kumeza zile 1,500 zisizorudishwa.

Hapa ndipo watu huacha hesabu mapema. Kuongeza kipato kunaweza kushusha EITC, nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wenye kipato kidogo: kwa mwenye watoto wawili au zaidi aliye kwenye ukanda wa kupunguziwa, karibu senti 21 kwa kila dola, kwa hiyo 4,000 inaweza kumgharimu dola 840 hivi. Ruzuku ya bima ya afya na kodi ya jimbo nazo zinaweza kusogea. Si lazima uhamishe 4,000 yote. Jaribu dola 2,000 kwanza, maana ndizo zinazolipa asilimia 100, kisha jaribu 4,000, kisha sifuri, na kila mara tazama mstari wa mwisho wa ritani nzima, siyo fomu ya elimu peke yake. Mtayarishaji mzuri wa kodi hufanya majaribio haya. Ukimwuliza kuhusu Pell akakujibu "umepata zaidi ya ada, basi", tafuta mwingine.

Njia hii haifai kwa ufadhili uliofungwa kwa masharti. Ruzuku ya jimbo au ya chuo inayosema ni ya ada tu, inabaki ya ada. Soma barua ya ufadhili.

Sehemu unayoiita ya maisha huandikwa kwenye Jedwali la 1 (Schedule 1) la fomu 1040, mstari wa 8r.

Kujaza fomu 8863

Anza ukurasa wa pili, Sehemu ya III, moja kwa kila mwanafunzi. Jina na namba yake ni mistari ya 20 na 21. Mstari wa 22 ni chuo: anwani, kama ulipata 1098-T, na EIN, namba ya kodi ya chuo, ambayo bila hiyo AOTC haipiti. Inapatikana kwenye 1098-T. Mistari ya 23 hadi 26 ni yale maswali tuliyoyapitia: miaka minne ya kudai, nusu ya mzigo, miaka minne ya masomo, hukumu. Majibu yakikuelekeza AOTC, jaza 27 hadi 30. Yakikuelekeza LLC, jaza 31 peke yake. Ukishamaliza ndipo urudi ukurasa wa kwanza kupima kipato na kugawa sehemu. Inayorudishwa huenda fomu 1040 mstari wa 29; isiyorudishwa huenda Jedwali la 3 mstari wa 3.

Mwenye umri chini ya miaka 24 asome kwa makini maelezo ya mstari wa 7. Kama unasoma mzigo kamili, mshahara wako haukufikia nusu ya matunzo yako, mzazi wako mmoja angalau yuko hai, na hujazi ritani na mwenza, ile sehemu ya kurudishwa mkononi huipati.

Kwenye 1098-T, soma pia kisanduku cha 4, ada ya mwaka uliopita iliyorekebishwa. Cha 7, kinachosema malipo ni ya muhula wa Januari hadi Machi. Na cha 8, kinachothibitisha nusu ya mzigo. Kisanduku cha 1 hakina vitabu ulivyonunua kwingine. Ongeza mwenyewe kwa risiti. Chuo kisipokupa fomu, kiombe baada ya tarehe 31 Januari. Ukiwa umeomba na kutoa ushirikiano unaotakiwa, unaweza kudai kwa ushahidi wa malipo. Ukiacha somo na kurudishiwa ada, punguza kiasi hicho.

IRS ikiandika barua

Barua hizi hutaka vitu vitatu: rekodi ya chuo inayoonyesha nusu ya mzigo, taarifa ya akaunti yenye tarehe za malipo, na risiti za vitabu. Fomu 1098-T peke yake haitoshi, kwani haionyeshi nani alilipa wala lini. Pakua taarifa ya akaunti kila mwisho wa muhula, kwa sababu ukishahitimu mara nyingi mlango wa kuingilia mtandaoni hufungwa.

Nafuu ikikataliwa, kuidai tena huhitaji fomu 8862. Kupuuza kanuni kwa uzembe mkubwa au kwa makusudi kunafungia AOTC miaka miwili, udanganyifu miaka kumi, na adhabu hiyo ni yako hata kama mtu mwingine ndiye aliyekujazia. Jihadhari na anayeahidi marejesho makubwa kabla hajaona karatasi zako. Mtayarishaji wa kulipwa lazima atie saini na kuandika PTIN, namba yake ya utayarishaji; akikwambia uwasilishe kama umejaza mwenyewe, ondoka. Wenye kipato cha chini na cha kati wana huduma ya bure ya kujaziwa ritani, VITA, na fomu 8863 iko ndani ya kazi zao. Namba ya kutafuta kituo cha karibu ni 800-906-9887.

Na kama umesoma makala haya ukakumbuka mwaka uliopita hukudai kitu, fomu 1040-X, ritani ya marekebisho, inakubaliwa ndani ya miaka mitatu tangu ulipowasilisha ritani, au miwili tangu ulipolipa kodi, itakayochelewa kati ya hizo. Ritani iliyowasilishwa mapema huhesabiwa imewasilishwa siku ya mwisho ya msimu. Ritani ya mwaka 2023 iliyopelekwa Februari 2024 ina hadi 15 Aprili 2027. Ambatanisha fomu 8863 ya mwaka huohuo, siyo toleo la sasa.